GLPI kama daftari la mabadiliko: tathmini baada ya miaka miwili katika ushirika wa akiba na mikopo

Kabla ya kuanza kutumia GLPI, programu ya kusimamia vifaa na huduma za kompyuta, ushirika wetu wa akiba na mikopo uliendesha mabadiliko ya mifumo kwa simu na kwa kuaminiana. Fundi wa mfumo wa hesabu alipiga simu akasema kuna sasisho, msimamizi wa seva akamfungulia njia ya kuingia, na watu wa kaunta wakagundua kesho yake kwamba kuna kitu hakiko kama kilivyokuwa jana. Utaratibu huo ulidumu kwa sababu mara nyingi haukumdhuru mtu. Ulikoma Jumatatu moja ya mwisho wa mwezi, pale sasisho lililowekwa usiku wa Jumapili lilipovuruga mpangilio wa stakabadhi na vichapishi vya matawi matatu vikawa vinatoa karatasi tupu. Wanachama walisimama foleni tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, baadhi yao wakiwa wametoka vijijini na nauli ya kwenda na kurudi tu. Tulipotaka kuurudisha mfumo wa siku iliyotangulia, tulikuta kwamba nakala rudufu pekee iliyokuwepo ilichukuliwa baada ya sasisho, kwa hiyo ilikuwa imebeba kosa lile lile.

Miezi michache baadaye tulisimika GLPI. Sasa imepita miaka miwili na kidogo, na mabadiliko yetu yote, makubwa kwa madogo, yameandikwa humo. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa TEHAMA na kwa wakuu wa shughuli katika taasisi za ukubwa wa kati, ambao wanatafuta chombo cha kusimamia mabadiliko na hawana fedha za kununua mifumo mikubwa. Nitajifunga kwenye moduli ya mabadiliko peke yake. Habari za tiketi za msaada, yaani maombi ya msaada ya watumiaji, na za orodha ya vifaa, ambazo ndizo zilizoipa programu hii umaarufu, zimekwisha kuelezwa na wengi.

GLPI ni programu huria iliyoanza Ufaransa mwaka 2003, na jina lake ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayomaanisha msimamizi huria wa vifaa vya kompyuta. Inaendelezwa na kampuni ya Teclib pamoja na jumuiya ya watumiaji. Sisi tunatumia toleo la 10, ambalo lilitoka mwaka 2022 chini ya leseni ya GPL toleo la 3, maana yake ni kwamba hatukulipa chochote kwa ajili ya programu yenyewe na hakuna hesabu ya watumiaji wanaoruhusiwa. Inaendeshwa kwa lugha ya programu ya PHP pamoja na hifadhidata ya MariaDB au MySQL, na fundi aliyewahi kusimika tovuti ya WordPress ataimaliza kazi hii kwa mchana mmoja. Jambo moja la kufanya kabla ya kuondoka kwenye kiti siku hiyo ni kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nne zinazokuja na programu, kwa sababu yanajulikana dunia nzima.

Ukifungua badiliko jipya unakutana na fomu inayofanana na ya tiketi: kichwa, maelezo, aliyeomba, atakayetekeleza, uharaka na kiwango cha athari. Thamani yake iko kwenye kurasa za pembeni. Ukurasa wa uchambuzi una sehemu ya kueleza athari na sehemu ya mambo ya kudhibitiwa, na ukurasa wa mipango una masanduku matatu: mpango wa utekelezaji, mpango wa kurejea hali ya awali, na orodha ya kuhakiki. Ni masanduku matatu ya kawaida ya kuandikia maneno, hayana ufundi wowote wa ajabu. Lakini ninaposema kwamba GLPI imetubadilisha, nazungumzia hasa lile sanduku la katikati.

Watu wa mifumo huandika mpango wa utekelezaji kwa furaha, kwa sababu wanajua wanachotaka kufanya. Mpango wa kurejea wanauandika kwa kinyongo, kwa sababu unawataka wakiri mapema kwamba kazi yao inaweza kuharibika. Mwanzoni sanduku hilo lilikuwa linajazwa maneno mawili tu, "rudisha bakapu", yaani nakala rudufu. Mkuu wetu wa shughuli, ambaye hajui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, alianza kuyarudisha mabadiliko ya namna hiyo na maswali: bakapu ya saa ngapi, iko kwenye diski gani, nani ameijaribu, itachukua dakika ngapi kurudi, na miamala itakayokuwa imeingia baada ya bakapu hiyo itaandikwa upya na nani. Maswali hayo sasa yamo kwenye kiolezo cha mabadiliko, ambacho GLPI inaruhusu kukiandaa mapema ili kila fomu mpya ifunguke na maswali yakiwa tayari ndani yake. Usiku mmoja tulipokuwa tunajiandaa kuhamisha hifadhidata, kujibu swali la dakika ndiko kulikotuonyesha kwamba kurejea kungechukua saa nne na nusu, wakati dirisha letu la kazi, yaani muda tuliotengewa, lilikuwa la saa tatu. Tuliahirisha, na kazi hiyo ikafanyika wiki iliyofuata kwa vipande viwili.

Asiyeona uzito wa sanduku hili na asome yaliyoipata Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, tarehe 1 Agosti 2012. Programu mpya ilitakiwa kunakiliwa kwenye seva 8, fundi akainakili kwenye 7, na kampuni haikuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu wa pili ahakiki. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala, na katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Mimi katika kisa hicho hushtushwa zaidi na kilichofanyika katikati ya dakika hizo. Mafundi, wakidhani kosa limo kwenye programu mpya, waliiondoa kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa, na balaa ikaongezeka, kwa sababu sasa seva zote zilikuwa zinaendesha msimbo wa zamani. Kurejea nyuma bila mpango ni badiliko la pili lililofanywa kwa haraka kuliko la kwanza. Kisa hicho kinagusa hata sanduku la tatu: katika orodha yetu ya kuhakiki, seva na matawi huandikwa moja moja kwa jina, na anayehakiki ni mtu mwingine, si yule aliyetekeleza.

Upande wa idhini, GLPI inakuruhusu kupeleka ombi kwa mtu mmoja mmoja au kwa kundi, na kila anayekubali au kukataa huandikwa jina na saa. Anayekataa hulazimika kutoa sababu. Nimeupenda sana ulazima huo, kwa kuwa umeondoa ule ukimya wa wakuu ambao zamani tuliutafsiri kama ruhusa. Hapa ndipo usimamizi wa mabadiliko unapotoka kwenye chumba cha seva na kuingia kwenye shughuli zenyewe. Tulikubaliana kwamba badiliko lolote linalogusa kaunta haliwezi kupita bila sahihi ya meneja wa tawi mmoja angalau na ya mhasibu mkuu. Katika mwezi wa kwanza wenzangu wa TEHAMA walinung'unika kwamba mhasibu hajui chochote kuhusu seva. Mhasibu huyo huyo ndiye aliyekataa sasisho la tarehe 27, akaandika kwamba mishahara ya walimu huingia siku zile, na kwamba Januari ni mwezi wa wazazi kuja kukopa ada. Hakuna fundi aliyekuwa na kalenda hiyo kichwani. Tangu hapo tumeweka katazo la mabadiliko kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 5 ya mwezi unaofuata, isipokuwa kwa dharura.

Benki ya TSB ya Uingereza ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Aprili 2018 iliwahamisha wateja wake zaidi ya milioni 5 kutoka mfumo uliokuwa wa benki ya Lloyds kwenda kwenye jukwaa jipya, kwa mkupuo, katika mwisho wa wiki mmoja. Data zenyewe zilihama salama, lakini huduma zilizojengwa juu yake hazikuhimili: matawi, simu, intaneti na programu za simu za mkononi zikayumba, na mambo hayakutulia kabisa hadi Desemba mwaka huo. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Ushirika wetu ni mdogo mno kulinganishwa na benki hiyo, ila swali lililowakabili wao linatukabili na sisi kila tunapotaka kubadilisha kitu: je, watu wa mbele, wanaokutana na mwanachama uso kwa uso, wako tayari kwa asubuhi ya kesho? Kwa sababu hiyo kila badiliko letu hupita tawi moja kwanza, tena tawi dogo, na hukaa hapo siku tatu za kazi kabla ya kwenda kwingine.

Kuna kipengele kingine ambacho nakisifu kwa dhati, nacho ni uchambuzi wa athari, ulioingia kwenye GLPI katika toleo la 9.5. Unachora mchoro wa vifaa na mifumo, ukiunganisha kwa mishale kinachotegemea kingine, na ukigusa seva moja unaona mistari ikikimbia hadi kwenye vichapishi vya tawi la mwisho. Mchoro huo huonyesha pia kama kifaa kina tiketi, tatizo au badiliko ambalo halijafungwa. Lakini lazima niwe mkweli: mchoro haujichori. Tulikaa Jumamosi nne na madaftari ya mtandao, tukimhoji kila fundi, na bado tuligundua baadaye kwamba mashine ya kutuma ujumbe mfupi kwa wanachama ilikuwa inategemea kompyuta moja ya zamani chini ya meza ya mapokezi, ambayo haikuwemo kwenye orodha yoyote. Mchoro usiotunzwa huwa hatari kuliko kukosa mchoro, kwa sababu watu huuamini.

Sasa niende kwenye yale ambayo mtumiaji mpya anapaswa kuyajua kabla hajajifunga. La kwanza ni aina za mabadiliko. Desturi ya ITIL, ule mwongozo wa huduma za TEHAMA uliozaliwa katika serikali ya Uingereza miaka ya 1980, hutofautisha badiliko la kawaida lililokwisha kuzoeleka, badiliko linalohitaji kupimwa, na badiliko la dharura. Katika toleo tunalotumia, GLPI haikupi mgawanyo huo tayari. Utaujenga mwenyewe kwa kategoria, violezo na taratibu za idhini. Tuliujenga kwa wiki mbili na unafanya kazi, lakini taasisi isiyo na mtu wa kukaa na jambo hilo itaishia kuwa na fomu moja ndefu kwa kila kitu, hata kubadilisha waya wa mtandao, na watu watachoka. Programu nyingine huria ya Kifaransa, iTop ya kampuni ya Combodo, ina aina hizo tatu tayari, kila moja na njia yake ya kupita. Anayetaka nidhamu ya mabadiliko peke yake, bila kuhitaji tiketi na vifaa kwa ukubwa tunaouhitaji sisi, aitazame hiyo kwanza.

La pili ni hali za badiliko. GLPI ina orodha ndefu: jipya, tathmini, idhini, limekubaliwa, linasubiri, jaribio, uhakiki, limetekelezwa, mapitio, limefungwa. Usipofanya chochote, fundi mwenye haki za kuhariri anaweza kuruka kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kubofya mara moja. Dawa yake ipo ndani ya wasifu wa watumiaji, kwenye jedwali la mzunguko wa hali, ambapo unaweka alama ni hali gani inaweza kufuatwa na ipi kwa kila kundi la watumiaji. Jedwali hilo limejificha kidogo, nasi tulilifahamu katika mwezi wa tano. Ningeshauri lishughulikiwe wiki ya kwanza, na hali ambazo hamzihitaji zifungwe. Sisi tumebaki na sita.

La tatu ni barua pepe za kuwajulisha watu. GLPI huziweka barua hizo kwenye foleni kwanza, na foleni husukumwa na kazi zinazojiendesha zenyewe. Kama hukuziunganisha kazi hizo na ratiba ya seva, zitasubiri mtu afungue ukurasa wa programu ndipo zisonge. Wiki zetu za mwanzo maombi ya idhini yaliyotumwa Ijumaa jioni yaliwafikia wakuu Jumatatu, na lawama zikaiangukia programu wakati kosa lilikuwa letu sisi tulioisimika bila kusoma sehemu hiyo ya maelekezo.

Wakuu wasio wa TEHAMA walihitaji maandalizi zaidi kuliko nilivyotarajia. Kiolesura chepesi cha GLPI, yaani kurasa anazoziona mtumiaji wa kawaida, kimetengenezwa hasa kwa ajili ya kufungua na kufuatilia tiketi, kwa hiyo waidhinishaji tuliwapa kiolesura cha kawaida chenye haki chache, na kiolesura hicho kina menyu nyingi kwa mtu anayetaka kusoma ukurasa mmoja na kusema ndiyo au hapana. Tulimkalisha kila meneja nusu saa, tukampa karatasi yenye hatua nne. Mmoja wao bado hupendelea kupigiwa simu kwanza asomewe, kisha huingia kuidhinisha, nasi tumekubali hivyo, kwa sababu sahihi yake inabaki kwenye kumbukumbu na maswali yake ya simu huwa mazuri.

Kuna mpaka ambao hakuna programu ya aina hii inayouvuka. GLPI huandika kilichokubaliwa. Haimshiki mkono mtu mwenye neno la siri la seva. Fundi wa nje aliyefunguliwa njia anaweza kubadilisha atakavyo na daftari likabaki limenyamaza. Tumejaribu kuziba mwanya huo kwa kumfungulia njia hiyo pale tu namba ya badiliko lililoidhinishwa inapotajwa, na kuifunga dirisha la kazi linapokwisha. Mabadiliko yanayokuja yenyewe kupitia intaneti ni magumu zaidi. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na wengi wa walioathirika hawakuwa wameomba badiliko lolote siku hiyo. Kwa masasisho ya namna hiyo tunayo badiliko moja la kudumu kwenye GLPI, linalotaja programu zinazojisasisha zenyewe, nani anazifuatilia, na jinsi kaunta itakavyoandika miamala kwa mkono kompyuta zikizimika. Vitabu vya stakabadhi vya karatasi vipo kwenye kabati la kila tawi, na idadi yake huhakikiwa kila robo mwaka kwa kazi iliyopangwa ndani ya badiliko hilo hilo.

Kuhusu gharama, fedha tuliyotoa ni kidogo: seva tulikuwa nayo, na diski ya ziada kwa ajili ya nakala rudufu ndiyo tuliyonunua. Gharama halisi ni muda wa watu. Kwa makadirio yangu, mtu mmoja alitumia theluthi ya wiki yake kwa miezi mitatu ya mwanzo, na sasa anatumia nusu siku kwa wiki. Taasisi isiyoweza kumtenga mtu huyo ingefaa kufikiria huduma ya kulipia, ama ya GLPI yenyewe iliyo kwenye wingu la Teclib, ama Jira Service Management, ambayo inaruhusu wahudumu 3 bila malipo. ServiceNow ina uwezo mkubwa kuliko zote nilizozitaja, lakini ni ya mashirika makubwa kwa bei na kwa uzito wake, na sidhani ushirika wa matawi machache utaitumia hata robo.

Kwa ushirika, hospitali ya wilaya, chuo au kampuni ya usambazaji yenye kompyuta mia moja hadi elfu moja na angalau mafundi wawili, naipendekeza GLPI bila kusita, kwa sharti kwamba mkuu wa shughuli aingizwe kwenye idhini tangu siku ya kwanza. Bila yeye mtapata daftari zuri la TEHAMA ambalo kaunta hailijui.

Wakati naandika haya, badiliko tulilonalo mezani ni la GLPI yenyewe. Toleo la 11 lilitoka mwaka 2025, lina fomu za ndani ambazo zamani zilihitaji programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongezea, na linadai PHP 8.2, wakati seva yetu ina toleo la nyuma linalotumiwa pia na mfumo wa mahudhurio. Kwa hiyo kazi moja imegeuka kuwa mbili, na dirisha tulilopendekeza ni Jumamosi kuanzia saa nne usiku, jenereta ikiwa imejazwa mafuta. Mpango wa utekelezaji una hatua 19. Kwenye sanduku la kurejea fundi wetu ameandika aya moja, na mkuu wa shughuli amekwisha kuikataa mara moja, akitaka kujua mahudhurio ya Jumatatu asubuhi yatachukuliwa kwa njia gani.